Pawa Iliyochaguliwa kwa Kiganja

Watu wa mtaa walimwita Mizani, na jina hilo hawakumpa kwa kejeli. Ukimpelekea fundi huyu wa vyombo vya umeme transfoma, chaja au betri, hakuanza na mita wala miwani. Alikiweka kitu chako kwenye kiganja cha kushoto, akakirusha kidogo, akakidaka, akakirusha tena, macho ameyafumba nusu, kisha akatoa hukumu. "Kizima hiki, nenda nacho." Au: "Umeuziwa bati, ndugu yangu. Rudisha kabla mwenye duka hajafunga."

Na mara nyingi alipatia, tusimnyime haki yake. Zamani za redio kubwa na televisheni zenye mgongo, uzito ulikuwa shahada. Ndani ya chombo kizito mlikuwa na shaba, na mtu anayetia shaba nyingi si mtu wa kulipua kazi. Ila ukweli nao una umri wake, huzeeka kama sisi, na hakuna aliyemwambia Mizani kwamba wake ulishaota mvi. Angeambiwa na nani? Alikuwa amezoea kusikilizwa, na kusikiliza kulimshinda siku nyingi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alipokuwa na miaka tisa, huyo binti alikuwa akitoka shule anapitia kibandani kwa baba yake, anasimama mlangoni na mkoba mgongoni, anaangalia moshi wa kulehemu unavyopanda. Siku moja akaomba ashike yeye kile chuma cha kulehemu. "Kamsaidie mama yako," akajibiwa. Aliomba tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Kiti cha pili kibandani kikapewa mpwa, mtoto wa dada, ambaye alikaa miezi kumi akaondoka na bisibisi zote na mita mpya. Akaletwa mpwa wa pili. Huyo hakuiba, alilala tu. Wakati huo binti alishaacha kusimama mlangoni, na Mizani aliona kwamba ameacha, akajiambia kuwa watoto wa kike ndivyo walivyo, hawadumu na kitu. Alijua kuwa anajidanganya.

Binti akakua, akasomea dawa, akapata kazi kwenye duka la dawa, akapanga chumba na sebule upande wa pili wa mji. Hakugombana na baba yake hata siku moja. Heri wangegombana! Walisalimiana tu. Shikamoo, baba. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo, mama yupo? Yupo ndani. Basi, maneno yamekwisha, binti anapita kwenda kwa mama yake, na mzee anabaki barazani anasikia wawili hao wanavyocheka jikoni. Kicheko hicho kilimuuma miaka mingi, na hakumwambia mtu.

Habari ya kompyuta aliipata kwa mkewe. Binti alikuwa anajiundia kompyuta ya kuchezea gemu, anakusanya kipande kimoja kimoja, mwaka wa pili sasa. Leo kasha, baada ya miezi mitatu prosesa, halafu mazabodi, ule ubao unaobeba vingine vyote, halafu ile kadi ya picha iliyomlia akiba ya mwaka mzima peke yake.

"Mtu mzima na akili zake, anacheza gemu?" Mizani aliuliza.

"Na wewe na drafti yako kutwa nzima kila Jumapili, hiyo ni ibada?" mkewe akamjibu, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi moja asubuhi Mizani alikuwa ameinamia redio ya mteja alipohisi mtu mlangoni. Alijua ni nani kabla hajainua kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako yupo nyumbani."

"Sikumfuata mama. Nimekufuata wewe." Binti alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ile kompyuta yangu imebaki pawa saplai tu. Nataka twende wote dukani, unisaidie kuchagua."

Nikwambie kweli, mzee alitaka kulia. Miaka kumi na tano alikuwa akingoja mtoto huyu amuombe kitu tena, kwa sababu hakuwa na ubavu wa kwenda kumwambia kwamba alimkosea. Sasa mtoto mwenyewe amekuja, na amekuja kwa habari ileile ya umeme. Akaiona njia. Mambo yakienda sawa leo, wangerudi kuwa baba na mwana bila mtu kuomba radhi. Akaiacha redio ya watu imefumuliwa juu ya meza na kufunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa.

Pawa saplai, kwa asiyeijua, ni lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine wote humo, kila mmoja kwa kiasi chake. Ikiwa mbovu, vyote ulivyoviweka humo umeviweka rehani. Binti alilijua hilo, ndiyo maana aliiacha ya mwisho, na karatasi yake ilikuwa imejaa hesabu. Njiani alimsomea baba yake: kadi inakula wati mia mbili na ishirini, prosesa mia na kitu, ukitia feni na diski unakaribia mia tatu na hamsini, ukiacha nafasi ya kupumua unahitaji mia tano na hamsini za kweli. Mizani aliitikia kwa kichwa. Hakusikiliza nusu yake. Alikuwa anafurahia sauti.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya mshona viatu, chumba kirefu chenye maboksi mpaka darini na wateja watano sita wameegemea kaunta. Binti aliomba boksi moja la rangi ya kijivu, akalifungua, akasoma lebo, akarudia kusoma. "Hii inanitosha, baba. Wati mia tano na hamsini, na karibu zote ziko kwenye mstari wa volti kumi na mbili, ambao ndio unaolisha kadi."

Mizani akaipokea, akaiweka kiganjani. Akairusha, akaidaka. Akakunja uso.

"Nyepesi."

"Za siku hizi ni nyepesi, baba."

"Umeme haujui siku hizi wala siku zile." Alilisema hilo kwa sauti, ili na wale wa kaunta wasikie, na wale wa kaunta wakageuka. Akampa muuzaji ishara. "Kijana wangu, lete kitu cha kiume hapa."

Muuzaji alikuwa mtu mwenye macho. Alishaona ule mkono unavyopanda na kushuka, na katika biashara ile wateja wenye mkono huo hawakuwa wageni. Hakwenda kwenye rafu. Aliinama chini ya kaunta, akaibuka na sanduku jeusi lisilo na boksi, akaliweka mbele ya mzee kwa mikono miwili. "Mzee naona mambo unayajua. Hii siwapi wote."

Mizani akalinyanyua, na kiganja kikazama. Akatabasamu. Akalirusha mara moja tu, maana mara ya pili haikuwa na haja. "Hii sasa! Sikia uzito huu, mwanangu. Shika."

Binti hakushika. Alikuwa ameinama kusoma lebo ya ubavuni. "Wameandika wati mia saba na hamsini kwa herufi kubwa. Lakini tazama huku chini, baba, kwenye maandishi madogo. Volti kumi na mbili, ampia kumi na nane. Kumi na nane mara kumi na mbili ni mia mbili na kumi na sita. Haitoshi hata kadi peke yake."

Alikuwa sahihi. Mtu mwingine yeyote duniani angeisoma namba ile, akalirudisha sanduku kwa mwenyewe, wakaenda zao. Lakini wale wa kaunta walikuwa wanatazama, na mzee aliona aibu kufundishwa hesabu na mtoto wake hadharani, katika kazi aliyoifanya miaka thelathini. Akacheka, kile kicheko cha kumpigapiga mtu begani.

"Mwanangu, lebo ni karatasi, na karatasi haikatai wino. Mkono huu haujawahi kunidanganya."

"Una uhakika, baba?"

"Nikuchagulie mimi au wachague wenye karatasi?"

Binti akamtazama. Muda mrefu kidogo, kuliko inavyohitajika kuamua habari ya sanduku. Kisha akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Sawa, baba," akasema, akatoa pochi.

Wala hakuwa ameshawishika. Msomaji na ajue hivyo, maana Mizani mwenyewe alichelewa sana kujua. Binti alikuwa na hesabu yake mkononi na aliiamini, ila siku hiyo alikuwa ameamua kwamba akilazimika kuchagua kati ya hesabu na baba, atamchukua baba.

Kesho yake, Jumapili, drafti iliachwa, na Mizani akaenda chumbani kwa binti yake kwa mara ya kwanza tangu apange. Kompyuta iliundwa juu ya meza ya kulia. Binti alifunga mazabodi, akapitisha nyaya nyuma ya kasha moja baada ya nyingine, akazibana, na mzee akashika tochi. Ndiyo, yeye ndiye aliyeshika tochi, akapokea skrubu na kuambiwa, "Sogeza mwanga kushoto, baba." Aliitazama mikono ile ikifanya kazi bila papara, haivuti waya, haikwaruzi kitu, akajua kwamba wale wapwa wawili, hata ungewaunganisha ukapata mmoja, wasingefika pale. Maneno yalimjaa mdomoni. Hakuyasema. Alisema, "Kaza hiyo ya pili."

Ilipowaka, binti alipiga makofi kama alivyokuwa akipiga utotoni. Akaanzisha gemu dogo la magari, akamfundisha baba yake kuendesha kwa vitufe, na mzee akaligonga gari ukutani mara kumi na moja, wakacheka mpaka jirani akagonga. Mizani alirudi kwake anatembea katikati ya barabara. Alimsimulia mkewe habari yote, akamsimulia tena wakila, na mkewe, mwanamke asiyependa kumharibia mtu furaha, akasikiliza mara zote mbili.

Alhamisi saa mbili asubuhi binti alikuja kibandani na lile sanduku jeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini.

"Imelipuka jana, baba. Nilikuwa nimeanzisha gemu kubwa, lile zito. Ikapiga shoti. Kadi imekwenda, mazabodi imekwenda, hata prosesa sijui." Aliyasema hayo polepole. "Naomba uifungue uniambie shida ilikuwa nini. Nitapita jioni nikitoka kazini."

Akauweka mfuko juu ya meza na kuondoka.

Mizani alifungua skrubu nne. Ndani palikuwa na kijibao kidogo cha saketi kama cha chaja, kapasita chache nyembamba zilizopasuka vichwa, transfoma ya kitoto. Na chini, limegandishwa kwa gundi na kuzungushiwa utepe mweusi, lilikuwapo bonge la saruji.

Saruji, ndugu zangu. Ile ya kujengea ukuta.

Aliling'oa. Akaliweka kiganjani, na kiganja kikazama vilevile kilivyozama dukani. Kuna watu mahali fulani wenye kiwanda, waliokaa wakafikiri: wako wazee wanaopima kwa mkono, hao tuwapikie hiki. Walikuwa wanamjua bila kumwona. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mteja wa kwanza akaja akaambiwa rudi kesho, wa pili naye akaambiwa hivyo hivyo.

Alikuwa na siku nzima ya kujipanga, na kulikuwa na neno moja tu la kusema. Nimekosea, mwanangu. Maneno mawili ukihesabu na hilo la mwanangu. Alijaribu kuyasema peke yake kibandani, yakatoka. Lakini kila alipofika hapo aliona uso wa binti siku ile dukani, na ile karatasi ikikunjwa, na miaka kumi na tano nyuma yake, akaona kwamba akikiri hili, itabidi akiri na yale mengine. Ilipofika saa kumi alikuwa amelificha bonge kwenye droo. Saa kumi na moja alikuwa amekaza skrubu zote nne.

Binti alifika, akasimama mlangoni.

"Umeifungua, baba?"

"Nimeifungua."

"Ukaona nini?"

"Pawa ilikuwa nzima kabisa." Alikuwa anapangusa mita isiyo na vumbi. "Ni ule waya wa kadi. Hukuubana vizuri, ukalegea, ukapiga cheche. Ndiyo ikaunguza vyote."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekosea."

"Makosa ni ya watu, mwanangu. Kazi hizi zinataka mazoea."

Mzee hakuinua macho, kwa hiyo hatujui uso wa binti ulikuwaje.

"Nimekuelewa, baba," binti akasema. "Asante kwa kuangalia."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua Mizani, maana njia ya kwake ilikwenda miezi minane. Binti hakununa. Aliwapigia simu kila wiki, akawaletea dawa za shinikizo la damu, akauliza hali ya goti la baba. Ila alikuja nyumbani saa ambazo baba yupo kazini, na kibanda alikipita kwa barabara ya ng'ambo. Mzee naye akaanza kukataa kupima vitu kwa mkono. Ukimpa chaja aliiweka mezani haraka na kutafuta mita. Watu wakasema uzee huo.

Mwishowe alimwambia mkewe. Alimtolea na bonge lenyewe akaliweka kitandani kati yao. Mama alilitazama, halafu akamtazama mumewe.

"Na mtoto hujamwambia mpaka leo?"

"Atanidharau."

"Angekuwa wa kukudharau, angekudharau dukani, pale ulipokataa kusoma." Aliliondoa bonge kwenye shuka kwa ncha za vidole. "Wewe mwanamume, mtoto amebeba kosa lako miezi minane. Nenda."

Akaenda, Jumapili, akiwa amevaa shati la kutokea. Binti alimkaribisha vizuri, hakuna la kulalamikia. Alimpa kiti cha kuegemea, akamletea maji kwenye bilauri iliyofunikwa kisahani, akamuuliza goti. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa. Mzee alikunywa maji yote, akaliweka bonge la saruji mezani karibu na bilauri, akasema alichokuja kusema. Hakuficha kitu. Alisema kuhusu waya, kwamba haukuwa na kosa lolote. Alisema hata habari ya chuma cha kulehemu na wale wapwa.

Binti alingoja amalize.

"Nilijua, baba."

"Ulijua nini?"

"Hilo." Alilionyesha bonge kwa kidevu. "Niliifungua mwenyewe asubuhi ileile, kabla sijakuletea. Nikaliona. Nikafunga skrubu, nikakuletea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie wewe." Hakupaza sauti. "Siku ile nilikaa kaunta kutwa nahesabu vidonge vya watu, huku najipangia nitakavyokujibu. Nilishakusamehe, baba. Kompyuta ni kompyuta, ningenunua nyingine. Niliwaza tutacheka. Nikajisemea utaniambia, 'Mwanangu, wamenipata,' na mimi nitakutania mpaka uchoke, halafu nitakuomba unipe kile kiti cha pili siku za Jumamosi. Hayo ndiyo niliyokuja nayo jioni."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, baba."

Alilisema kwa upole kabisa, sauti ileile ambayo humwambia mteja ameze viwili baada ya kula. Hapo mzee akasikia kitu nyuma ya ule mlango uliorudishiwa. Feni. Ilikuwa inazunguka taratibu, haikwami, haipigi mluzi, sauti ya chombo kilichoshiba umeme safi na hakisumbuki. Sikio lake halikuwa limezeeka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akasahau aibu, akasogea mbele kitini.

"Umeunda nyingine?"

"Ndiyo. Mwezi wa tatu huu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Aliutazama mlango. Alingoja aambiwe, karibu uione. Feni ikaendelea kuzunguka.

"Pawa umeweka ipi?"

"Nzuri tu, baba," binti akasema, akasimama, akaichukua bilauri tupu mezani. "Twende nikusindikize."